Njia ya Kwa Bi Sauda

Kila asubuhi mimi na mama huvaa makoti mazito, kisha husimama mlangoni kusubiri njia. Hapa Winnipeg njia za waenda kwa miguu zina joto chini yake, na huyeyusha theluji kuelekea pale moyo wa mtu unapotaka kwenda. Kwa mama, njia hufunguka moja kwa moja hadi kwenye bustani ya jiji.

Leo ilikata kushoto, ikaishia mlangoni kwa Bi Sauda.

"Imeharibika," mama alisema. Akarudi ndani, akatoka tena. Njia ilikuwa palepale.

Bi Sauda ndiye aliyetupikia maharage ya nazi tulipofika nchini. Kwetu bakuli la jirani halirudishwi tupu, na siku zile hatukuwa na cha kutia. Mama akaona haya, miaka ikapita, akawa anamkwepa hata dukani.

Niliushukuru mtaa wetu, ingawa niliogopa kidogo. Ulikuwa umemjua mama kuliko mimi ninayelala naye nyumba moja. Sikuthubutu kutazama theluji iliyokuwa mbele ya miguu yangu mwenyewe.

Mama alikaanga maandazi, akajaza bakuli lile la Bi Sauda, tukaifuata njia.

"Bakuli langu!" Bi Sauda alicheka. "Nilidhani mmelitafuna pamoja na maharage, shoga!"

Mama hakucheka. Alimkabidhi bakuli kwa mikono miwili.

"Ulitulisha tulipokuwa hatumjui mtu, dada," alisema. "Sikukwambia asante. Asante."