Waliolala Nyumba Moja

Majibu ya makohozi yalisema kifua kikuu. Nikamwambia bibi mgonjwa wangu papo hapo, pale pale zahanati, maana kuzungukazunguka hakumponyi mtu.

"Sasa nitajie unaolala nao nyumba moja. Na wao lazima wapimwe."

Akahesabu kwa vidole, unga wa ulezi ukiwa bado kwenye kucha. Mwanawe Christopha, mkewe, wajukuu wanne. Niliandika wote kwa furaha. Dawa ni za miezi sita, na lazima awepo mtu wa kumwona akizimeza kila siku.

"Christopha alilala kwako lini mara ya mwisho?"

"Siku ya sensa."

Kalamu ikasimama. "Sensa ya mwaka 2022?"

"Hiyohiyo. Karani aliandika wote sita, wala hakunisumbua kama wewe."

"Wako wapi sasa?"

"Kabwe, ziwani. Kule samaki hawamaliziki, mtu atatokaje?" Akakohoa ndani ya kitenge, akakikunja upesi nisione.

Nikafuta majina yote sita.

"Bibi, niambie kweli. Mwezi huu ni nani amekaa na wewe chumba kimoja, mkaongea hata nusu saa?"

Akavitazama vidole vyake, akavifumba kimoja kimoja. Kisha akaniangalia mimi.

"Wewe, mwanangu."

Niliinuka nikafungua dirisha, baridi ikajaa chumbani. Nikarudi kukaa palepale, nikamwekea vidonge vya kwanza kiganjani na kumpa kikombe cha maji.

"Meza," nikasema. "Nakuona."