Kikombe Chenye Alama ya Msumari

"Baba mdogo, usinipigie kelele! Mama hakuwa na TB!"

"Alikuwa anakohoa, Lumiti! Ulitaka nifanye nini, na watoto walikuwa hapa ndani?"

"Ungesoma karatasi ya daktari!"

Ile karatasi Lumiti aliijua kwa kichwa. Daktari alimwelezea polepole: makohozi yana nyuzi, na kila uzi umevaa visukari vidogo vidogo vyenye vinashikanga maji ndio makohozi yateleze. Kwa mapafu ya mama, visukari hivyo vilikuwa vimebadilika umbo, makohozi yakawa mazito kama molasi. Ugonjwa wenyewe hauambukizi mtu.

Lakini baba mdogo alichukua kikombe cha plastiki, akakichora X kwa msumari, na mama akawa anakunywa na hicho tu, huko nje kando ya ghala, mpaka siku alikufa.

Sasa baba mdogo mwenyewe alikuwa ametoka hospitali na karatasi kama ile ile. Kikohozi kikamkaba, macho yakamtoka. "Maji," akasema.

Lumiti akaenda ghalani, akarudi, akamimina. Ile X ilikuwa imeshika uchafu, nyeusi tii.

Mzee akaitazama. Mkono wake ukabaki hewani.

"Si karatasi imesema hauambukizi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndio. Hauambukizi."

"Basi nipe kikombe kama cha wengine, mwanangu."

"Hata mama aliomba hivyo," Lumiti akasema, akatoka, akafunga mlango.