Kiu ya Probox

Mshale wa petroli ulilala chini kabla paa za Kakuma hazijaonekana. Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika katikati ya lami, magunia ya samaki wakavu yamejaa nyuma.

Nawoi alishuka akalitazama kama mtu anavyomtazama punda aliyegoma. Tangi alilijaza mwenyewe kule Lodwar, tena juzi tu. Akajifunga leso kiunoni, akaanza kulisukuma peke yake hadi kando ya barabara. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama, akamsalimu Kiturkana.

"Ejok, mama. Si uuze tu hii mzee?"

"Nikuuzie wewe?" Nawoi alimjibu huku akimpa mtungi mtupu. "Niletee petroli."

Maneno hayo ya kuuza alikuwa ameyachoka. Mumewe alipofariki naye akataka kununua gari, ukoo mzima ulisema mjane hafugi gari, afuge mbuzi. Na mama mkwe wake, Akoru, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nawoi akauza mbuzi wenyewe. Akanunua Probox iliyokwisha kuchoka, akajifunza kuendesha, na samaki wa Kerio wakaanza kufika Kakuma yeye akiwa kwenye usukani. Waliocheka wakanyamaza. Sasa gari lilikuwa linakula faida yote, na vicheko vilikuwa vimeanza kurudi.

Petroli ilipofika, alilipeleka moja kwa moja kwa Nestor, fundi Mrundi mwenye gereji ya mabati kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nestor alifungua boneti, akatoa plagi na kuzitazama juani. Safi. Akakung'uta kichujio cha hewa. Akaingia chini ya gari kunusa kama kuna mpira wa petroli unaovuja. Akainua magurudumu kwa jeki, akayazungusha, maana breki zikishika wakati gari linatembea, petroli huisha bure. Yote yalizunguka bila kukwama.

"Mama, hii gari haina ugonjwa," alisema akijifuta mikono. Kisha akachokora rimu kwa bisibisi. Mchanga laini ukamwagika miguuni pake. "Kutoka Lodwar mpaka hapa ni lami. Huu mchanga wa mtoni umetoka wapi?"

Nawoi aliinama, akauchota mchanga ule kiganjani.

"Gari ikisukumwa na gia ya kwanza kwa mchanga, inalia tu na kunywa." Akamwonyesha namba za kilomita kwenye dashibodi. "Ukifika nyumbani, hizi zishike kichwani. Zitazame tena kabla hujatoka nayo."

Alizishika. Kesho yake alikwenda Kerio kwa lori la wavuvi, kama alivyozoea, maana njia ile ya mashimo ingeivunja Probox. Gari likabaki uani kwake Lodwar. Aliporudi, namba zilikuwa zimesogea.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mtu mmoja: shemeji yake Lokaale, aliyewahi kuendesha malori hadi Kitale kabla ya kuachishwa kazi. Nawoi alimkabili jioni ile ile, mbele ya Akoru, aliyekuwa ameketi mlangoni akitafuna tumbaku.

"Petroli yangu inaenda wapi, shemeji?"

Lokaale alitazama chini. "Sijauza hata tone."

"Sikukuuliza kama umeuza. Unabeba nani na gari langu?"

Lokaale alimtazama mama yake, kisha akamgeukia Nawoi.

"Liuze hili gari, shemeji. Nakuomba. Liuze kabla halijaua mtu."

"Haliuzwi!" Akoru alifoka, akatema tumbaku.

Nawoi aligeuka kwa mshangao. Tangu aolewe katika boma lile, hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akisimama upande wake. Akapata moyo.

"Umemsikia mama," alimwambia Lokaale. "Sasa mimi nitakukamata kwa mikono yangu, na utajieleza kwa chifu."

Asubuhi alibeba kikapu, akaaga kwamba anarudi Kerio. Alifika stendi, akanywa chai bila haraka, akarudi kwa njia ya nyuma. Gari halikuwepo. Alama za matairi zilipita katikati ya miti ya mathenge, zikateremka hadi kwenye mto uliokauka.

Alizifuata kwa miguu, jua likimchoma utosi. Njiani alipanga maneno yake yote, ya wizi na ya aibu, na ya mwanamume mwenye nguvu zake anayemnyonya mjane. Chifu akitaka kumnyamazisha, hatanyamaza. Ukoo ukitaka kikao, wakae. Gari ni lake, na hakuna atakayelipata kwa kumchosha.

Alilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa likilia kwa gia ya kwanza, vile vile alivyosema Nestor. Nawoi akasimama katikati ya mchanga, mikono kiunoni, akaziba njia.

Probox ikachomoza kwenye kona, ikiyumba huku na huku. Lokaale alikuwa ndani. Alikuwa kwenye kiti cha abiria, ameng'ang'ania dashibodi kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

Kwenye dirisha la dereva, juu ya shanga zilizomjaa hadi kidevuni, kikatokeza kichwa cha Akoru.

"Wewe, toka njiani!" alipiga kelele. "Breki bado hajanifundisha!"