Mashahidi Watatu

Treni ilichelewa miezi mingi, ikaleta majarida ya udaktari ya mwaka mzima ndani ya gunia moja. Matatu yalisifu dawa ileile ya huzuni, kila moja kwa jina la mtafiti wake.

Daktari alibandika kurasa za matokeo za majarida hayo matatu, moja juu ya nyingine, kwenye kioo cha dirisha. Mwanga uliotoka mtoni ukapenya, michoro mitatu ikalaliana, ikawa mstari mmoja wenye kibonde kimoja katikati. Wagonjwa walikuwa walewale, wamesimuliwa mara tatu.

Nyuma yake alikaa Mama Mwanvua, ambaye hakuwa ametabasamu tangu azike mwanawe. Kidonge cha dawa hiyo, alichopewa na daktari kwa kuambiwa kina mashahidi watatu, kilianza kuyeyuka kiganjani mwake, kikombe cha maji kando yake.

"Citoyen munganga," alimwita daktari, "ulisema mashahidi iko batatu."

"Njo vile nilisema, mama," daktari alikubali, macho bado dirishani.

"Basi haiwezi kuwa uongo."

Daktari alipogeuka, kiganja na kikombe vilikuwa vitupu, na mama alikuwa anatabasamu.