Mkono wa Jirani

Mwaka mmoja baada ya mapigano ya kikabila ya 1992, chuo kikuu kiliwaita majirani wa Londiani kwenye mkutano wa amani. Wanjuhi, ambaye majirani walimwita Mama Ann, alikuja kutoka kambi ya wakimbizi, amechoshwa na hotuba.

“Msalimie aliye karibu nawe,” mhadhiri alisema, na mpiga picha akasogea.

Karibu na Wanjuhi aliketi jirani yake wa zamani, mama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, asiyewahi kupanda viazi. Alinyoosha mkono. Kucha zake zilijaa udongo mweusi, kama ule wa shamba la viazi ambalo Wanjuhi aliliacha alipokimbia.

“Umelima shamba langu?” Wanjuhi aliuliza.

“Nimelima. Rudi tuvune, Mama Ann.”

Hata nguvu ya kukasirika Wanjuhi hakuwa nayo. Aliushika ule mkono.

“Tuvune?” aliuliza, na hata picha ilipokwisha kupigwa hakuuachilia.