Fusae Ajifunza Kitsugaru

Wembe ulikuwa umefika chini ya kidevu Iwao alipomshika mkewe mkono.

Kila asubuhi saa moja Fusae alimnyoa, na kila asubuhi mzee alitulia tuli. Leo alimng'ang'ania, povu likimchuruzika shingoni, akamwaga maneno mbiombio, mengine yakimezwa kabla hayajatoka. Fusae hakuambulia kitu. Ila moja tu, katikati, alilinasa: binti.

"Binti gani?" aliuliza.

Iwao alimkodolea macho kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akayarudia yote, kwa nguvu zaidi, machozi yakimlengalenga.

Ndivyo alivyokuwa tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa tano. Akili ilitangatanga, kuna siku aliulizia kofia yake ya kazi, ya kiwanda kilichobomolewa zamani. Kijapani cha Tokyo kilimtoka chote. Kilichobaki ni Kitsugaru, lugha ya kwao kaskazini, ambako theluji huziba madirisha. Treni ya vijana waliochukuliwa kufanya kazi viwandani ilimleta Tokyo akiwa na miaka kumi na mitano, na katika miaka arobaini na minne ya ndoa Fusae hakuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la kwao. "Nimesahau," alikuwa akisema. Alikuwa mtu wa "ndiyo", "la" na "chai". Shemeji zake walimwita Ukuta.

Kwa miezi mitatu sasa Fusae alikuwa akijifunza lugha hiyo kwa Bi Kudo, mzaliwa wa Tsugaru, aliyeuza mboga na matufaha nyuma ya stesheni ya Kamata. Siku hiyo alifika mbio, aproni ingali kiunoni.

"Fumba mdomo, mama!" Bi Kudo alimkemea huku akipanga figili. "Ukiachama hivyo, kwetu theluji itakujaa hadi kooni. Haya, tena."

Fusae akasema tena.

"Loo! Mtangazaji wa redio aliyebanwa na mlango!"

Muuza samaki wa jirani akaangua kicheko. Bi Kudo akamtupia jicho, kisha akashusha sauti. "Mama Fusae, unajitesa bure. Kesho nije nikae naye dakika tano, nikutafsirie."

"Hapana."

"Unaona haya ya nini, na mvi zote hizo?"

Fusae aliokota figili, akairudisha, akaiokota tena. Mwanamume hanyamazi miaka arobaini na minne bila kuwa na mahali alipoyaweka maneno yake. Kama aliyaweka kwa mwanamke mwingine, basi jina la huyo mwanamke alitaka kulisikia kwa masikio yake mwenyewe, si kutoka kinywani mwa muuza mboga.

"Nifundishe kusema, 'Sema polepole, nakusikia,'" akaomba. "Na 'Binti gani?'"

Siku tisa alizirudia sentensi hizo akiosha mchele, akianika shuka, akingoja taa ya kuvukia barabara. Kila asubuhi Iwao alimshika mkono akamwaga yaleyale, na kila mara neno jingine lilijitenga na wenzake. Aibu. Kesho yake, kucheka. Siku ya tisa alilisikia wazi kabisa: kuposa. Fusae akajikata kidole.

Siku ya kumi hakuugusa wembe. Aliketi mbele ya mumewe, akabana midomo kama alivyofunzwa, akasema kwa Kitsugaru:

"Sema polepole. Nakusikia."

Iwao aliganda. Halafu uso wake wote ukafunguka, upande mzima na ule uliolemaa.

"Ala! Kumbe wewe mtu wa kwetu!"

"Ndiyo," Fusae alidanganya. "Binti gani?"

Mzee alitupa jicho mlangoni, akamvuta karibu, akanong'ona polepole. Na safari hii Fusae alielewa kila neno.

"Shangazi, wewe umekaa Tokyo siku nyingi. Nifundishe kusema kama wao. Kuna binti wa hapa, kila akinisemesha namjibu 'ndiyo' na 'la' tu, maana nikifungua kinywa atanicheka, na mimi aibu itaniua. Sasa nitamposaje Fusae?"