Kovu la Mwanahawa

Siku hizi mlango wa nyumba humfungulia mtu anayefanana na picha yake, na picha haitumiki mpaka wapiga picha wenzako waikubali. Shomvi, naye mpiga picha, alimpiga picha mkewe, Mwanahawa, akawapelekea wenzake.

"Mwanga umemlalia upande mmoja," alisema Kibwana. "Msogeze dirishani."

Akamsogeza, akapiga upya.

"Hapo sawa. Ila hilo kovu la shavuni, kaka, linavuta jicho. Liondoe."

Shomvi akalifuta. Wakaipitisha, wakamsifu kuwa mkono wake sasa umekomaa.

Jioni Mwanahawa alirudi na kapu la mihogo, mlango ukagoma. Shomvi aliusukuma kwa ndani mpaka bega likamuuma. Picha ikishapitishwa haibadilishwi. Mwishowe Mwanahawa aliazima poda kwa jirani, akalifunika kovu, mlango ukafunguka.

"Kanawe uso, mke wangu," Shomvi alimwambia. "Humu ndani ni kwako."

Alinawa, akakaa mkekani mbele ya sahani. Shomvi alilitazama lile kovu, tonge likabaki mkononi.

"Mbona hivyo, Baba Tatu?"

"Hakuna kitu. Geukia kule kidogo."

Mwanahawa akageuka, akala akiutazama ukuta.